Suti ya Mzee Ndahani

Kompyuta ni mpya, bado ina harufu ya boksi,
nailoni ya skrini sijaibandua pembeni,
na deni lake la VICOBA sijafika hata nusu.
Muuzaji wa Barabara ya Saba aliniapia:
hii, dada, ni farasi.
Basi farasi amelala.

Nasogeza kipanya, brashi inabaki nyuma,
inafika baadaye, kama salamu ya mdaiwa.
Nafuta doa shavuni, nahesabu moja, mbili, tatu, nne,
doa linatoka mkono wangu ulishaondoka.
Ile ya zamani, iliyokula vumbi la Chang'ombe miaka minane,
iliyohema kama mbuzi wa mnada wa Msalato,
ile ilikuwa inakimbia. Sielewi.

Nimezima, nimewasha.
Nimefuta michezo aliyopakia mwanangu.
Programu nimeipa kumbukumbu zaidi, robo tatu yote,
kinga ya virusi nimeizima dakika kumi, huku nikitubu.
Nimeifungua ubavu, nikapuliza,
ingawa vumbi la Julai halijapata wasaa wa kuingia.
Kitu kile kile.

Na Mama Mbeho kaketi kwenye stuli ya pasipoti
tangu saa tatu, katoka Hombolo na basi la kwanza.
"Mbukwa," alisema mlangoni, akafungua pindo la khanga:
picha moja tu, mumewe katikati ya zabibu,
fulana imetoboka begani, mkasi mkononi,
jicho moja limekunjwa na jua.
"Mvalishe suti. Nyeusi. Na tai.
Jumamosi tunaweka msalaba."

Suti ninazo, kumi na nne kwenye folda,
hazina vichwa, zinasubiri.
Nikachagua nyeusi, nikaiburuta.
Kola ikafika kwanza. Kisha hakuna kitu.
Kisha kifungo.

Katika kungoja kifungo cha pili, akasema:
"Mkasi huo aliununua kabla hajaninunulia doti."
Bega la kushoto likafika.
"Mwaka wa ukame akawa anaongea na mizabibu usiku,
Kigogo kitupu, sauti ya chini, ya kubembeleza.
Mimi nikajua ana mwanamke uani. Nikatoka na mwiko."
Tukacheka mpaka stuli ikalia.
Bega la kulia likakwama katikati,
nusu suti, nusu fulana.
"Hapo," alisema, akanishika mkono,
"hapo ndivyo alivyokuwa kanisani."
Akanyamaza, akavuta pumzi.
"Halafu kuna habari ya kile kisima,
alichokichimba bila kuniambia, nikaja kujua..."

Nyemo, mdogo wangu, akaingia na madaftari ya chuo,
akachungulia nyuma ya meza, akaguna.
"Dada, nani kachomeka huu waya?"
Mimi.
"Kadi ya picha uliyoilipia iko huku chini, tundu lake tupu.
Skrini umeichomeka hapa juu, kwenye tundu la bure.
Umenunua trekta, unalima kwa jembe."
Akachomoa. Giza.
Akachomeka.

Suti ikaruka yote kwa mara moja,
tai, vifungo, mikunjo, kivuli chini ya kidevu.
Brashi ikawa inafika kabla sijaamua.
Lile jicho nikalikunjua, likawa la mtu mwingine,
nikalikunja tena, haraka, kabla hajaona.

Printa ikatema. Mama Mbeho akaipuliza picha,
akamtazama yule mwanaume wa ofisini,
akasema amependeza.
Akatoa elfu kumi, nikarudisha elfu mbili.
Akauliza saa.

"Na kisima?" nikamwita, ameshavuka kizingiti.
"Kisima gani?"
Upepo ulikuwa umeshamshika khanga,
bahasha kaibana kifuani kwa mikono miwili.
"Aa. Hiyo ni habari ndefu, mwanangu,
na mashine yako imepona."